Siku Saba Kabla ya Nyundo

Walikuja saa nne asubuhi na kenta tupu. Dalali mwenyewe alivaa shati jeupe na kofia ya jua, karani wake akashika ubao wa kuandikia, na nyuma yao vijana wanne wa kubeba. Jirani yangu, fundi cherehani, alikuwa ameenda sokoni Gikomba kutafuta vitambaa. Aliyekuwapo nyumbani ni mkewe, na mtoto mgongoni. Karani akaingia sebuleni, akaanza kuandika: kochi la watu watano, runinga, meza ya kioo, kabati la vyombo, cherehani. Alipomaliza akamgeuzia mama ule ubao, akamwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi. Mama akatia. Siku ya tatu kenta ikarudi, na safari hiyo haikuondoka tupu.

Nakala ya karatasi ile ninayo mpaka leo. Imekunjwa mara nne na ina doa la chai. Imeandikwa kwa Kiingereza. Kuna safu ya jina la kitu, safu ya hali ya kitu na safu ya thamani yake, na hiyo ya thamani iko nyeupe kutoka juu hadi chini. Niliihifadhi bila kujua kwa nini, mpaka nilipohesabu na kuona kwamba Sheria ya Madalali ya Kenya, Nambari 5 ya 1996, inatimiza miaka 30 mwaka huu wa 2026. Nchi hii husherehekea mambo mengi madogo kuliko hilo, lakini sijasikia mtu yeyote akiitaja siku hiyo ya kuzaliwa. Basi nikaichukua karatasi yangu nikapanda matatu kwenda Machakos, kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya udalali kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwenye maembe yake.

Mzee alivaa miwani, akaisoma karatasi, akanywa chai nusu kikombe, kisha akaiweka mezani na kunyoosha vidole vitatu. Kosa la kwanza, thamani haikuandikwa. La pili, mali ilibebwa siku ya tatu badala ya kungoja siku saba. La tatu, cherehani ya fundi haikamatwi kwa deni la kawaida la mahakama. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyewahi kuwa upande wa pili wa meza.

Nilikwenda kwake kutafuta maelezo ya sheria ya 1996. Nikarudi na hadithi ya mwaka 1938. Nitaifikia.

Neno lenyewe lina umri mkubwa. Dalali limetoka kwa Waarabu, kama vile kunadi na mnada, ambavyo asili yake ni mwito, kupaza sauti. Kwa hiyo tangu mwanzo, katika lugha yetu, mnada ni kelele: jambo linalofanywa mbele ya watu ili kila mwenye masikio asikie. Leo dalali ni jina la watu wengi. Yupo dalali wa nyumba anayekutembeza mtaa wa Pipeline ukitafuta chumba, yupo wa mahindi anayekaa kati ya mkulima na lori, na yupo huyu wa nyundo na hati ya mahakama. Ndiyo maana watu huwachanganya, na ndiyo maana huyu wa tatu hulaumiwa kwa dhambi za wale wawili pamoja na zake mwenyewe.

Pwani yetu inajua vizuri mahali ambapo mnada unaweza kufika usipowekewa mpaka. Katika soko la Mkunazini, Unguja, madalali waliwatembeza watu kati ya wanunuzi na kuwanadi kama vitambaa, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza tarehe 5 Juni 1873 na soko likafungwa. Hilo limeandikwa sana, sitalirudia.

Waingereza nao walikuwa wamekwisha kuwawekea madalali wao leseni, ingawa si kwa huruma. Mwaka 1777 walihitaji fedha za vita vyao huko Marekani, wakaona kwamba mtu anayeuza kwa mnada anaweza kutozwa. Leseni ikaanza kama kodi. Mwaka 1845 Bunge la London likaifuta kodi ya mauzo ya mnada, likaweka leseni moja ya pauni 10 kwa mwaka, na likaongeza sharti ambalo mzee wa Machakos hulipenda sana: kila anayeendesha mnada aweke ubao ulioandikwa jina lake kamili na mahali anapoishi, waziwazi, kabla na wakati wa mnada. Kama ukidhulumiwa, ujue pa kumpata. Kinachochekesha ni kwamba Waingereza wenyewe waliifuta leseni hiyo mwaka 1949. Sisi tuliowarithi tumebaki nayo, tena tumeikaza.

Kwetu sheria ziliingia kwa mlango wa Mombasa, zikitokea India. Amri ya mwaka 1897 ilizileta sheria za India katika eneo la Afrika Mashariki lililokuwa chini ya Mwingereza, na makarani waliozijua walikuja nazo kwa jahazi na kwa meli. Hata Kenya ilipopata sheria yake ya mwenendo wa kesi za madai mwaka 1924, umbo lilibaki la Kihindi. Ukifungua leo kifungu cha 44 cha sheria hiyo, utasikia harufu ya nyumba ya Kihindi ya karne iliyopita. Kinasema kwamba mtu aliyeshindwa kesi ya deni hanyang'anywi nguo zake za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko yake, ya mkewe na ya watoto wake, wala mapambo ambayo kwa mujibu wa dini mwanamke hawezi kuyavua. Halafu kinaongeza vifaa vya kazi ambavyo mtu hawezi kufanya ufundi wake bila hivyo.

Hapo ndipo cherehani ya jirani yangu ilipolala miaka yote, ndani ya kifungu, ikingoja mtu akisome.

Sasa mwaka 1938. Mzee amepita miaka 80 na alisimuliwa na baba yake, ambaye ng'ombe wake waliandikwa. Anasimulia kama jambo la juzi, akinyoosha mkono kuelekea vilima vya Iveti kila anapotaja watu wa huko. Hadithi yenyewe imo katika vitabu vya historia, kwa hiyo naichanganya yake na yao.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi mno. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter na kutoa ripoti mwaka 1934, ilikuwa imeonya juu ya mmomonyoko wa udongo na kutaka mifugo ipunguzwe. Kwamba udongo wa Machakos ulikuwa unaliwa na mvua, ni kweli. Picha za makorongo ya miaka ile zinatisha. Lakini Wakamba nao walikuwa na hesabu yao. Vilima vya Mua vilikuwa mikononi mwa walowezi, na malisho ya nyanda za Yatta yalikuwa ya Serikali, ng'ombe wa Mkamba hakwenda huko ila kwa ruhusa. Ukimbana mtu kwenye kona halafu umlaumu kwa kubanana, atakuelewa vipi?

Wakati huohuo, huko Athi River, kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama. Kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi, tena kwa bei ndogo, la sivyo hesabu zake zisingelipa. Mambo hayo mawili, udongo na kiwanda, yakakutana mwanzoni mwa 1938, na amri ikatoka: kila eneo lipunguze mifugo kufikia idadi iliyowekwa, na watakaozidi wakamatwe na kuuzwa kwa mnada.

Kwa mnada. Mzee alilirudia neno hilo mara mbili, akiwa ameshika kikombe hewani.

Ng'ombe walikusanywa, wakachaguliwa, wakaswagwa hadi kwenye viwanja vya mauzo. Karatasi zilikuwapo, maofisa walikuwapo, anayepaza sauti alikuwapo, na wanunuzi walikuwapo. Kwa macho ya mpita njia, ulikuwa mnada kamili. Lakini mwenye ng'ombe hakutaka kuuza, hakupewa nafasi ya kukomboa, hakupanga bei ya kikomo, na alijua kama ambavyo kila mtu alijua mzigo mkubwa unakwenda wapi. Bei zikaanguka. Mzee anasema baba yake aliona fahali wa mahari akiondoka kwa fedha ambayo isingenunua mbuzi wawili wazuri. Siwezi kuthibitisha fahali huyo mmoja, ila kwamba ng'ombe waliuzwa kwa bei ya kutupa ni jambo ambalo hata waandishi wa upande wa Serikali hawakuweza kulificha.

Watu wa Iveti wakakataa. Wakajipanga chini ya chama cha Ukamba Members Association, na mbele yao akasimama Muindi Mbingu, msemaji mwenye sauti na asiyerudi nyuma. Walikula kiapo cha kutouza wala kushirikiana. Waliandika barua, wakatuma simu za maandishi mpaka London. Mwishoni mwa Julai 1938, watu wapatao 2,000, wanaume kwa wanawake na watoto wao, wakatoka Machakos kwa miguu, zaidi ya kilomita 60, wakaingia Nairobi kumtafuta Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Hawakumpata mara moja. Basi wakakaa. Wakapiga kambi mjini kwa takribani wiki sita, wakipika, wakiimba, wakingoja, mbele ya mji ambao haukuwahi kuona wanakijiji wengi kiasi hicho wameketi bila kuvunja hata dirisha moja.

Isher Dass, Mhindi aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, akawasemea. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Serikali haikulisema kwa sauti: Wakamba walikuwa wengi jeshini na katika polisi, na Ulaya ilikuwa inanuka vita. Askari ambaye ng'ombe wa baba yake wamenadiwa ni askari wa namna gani?

Gavana akalazimika kwenda Machakos mwezi wa Agosti kuzungumza na watu. Baadaye Muindi Mbingu akakamatwa na kupelekwa Lamu, mbali na Ukambani, aishi huko kizuizini. Lakini kabla mwaka haujaisha, uuzaji wa lazima ulisimamishwa, na ng'ombe waliokuwa bado mikononi mwa Serikali wakarudishwa kwa wenyewe. Katika historia ya ukoloni wa Kenya, mara chache sana Serikali ilikamata kitu kisha ikakirudisha.

Nilimuuliza mzee hayo yanahusiana vipi na leseni za madalali. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesahau daftari. Kwa maoni yake, kila kanuni aliyoifuata katika kazi yake ni jibu la jambo lililotendeka kwenye viwanja vile. Kwa nini thamani iandikwe kabla? Kwa nini siku saba? Kwa nini gazeti? Kwa nini dalali asinunue katika mnada wake mwenyewe? Kwa sababu mnada ambao mwenye mali hana taarifa, na ambao mnunuzi anajulikana asubuhi, ni wizi uliovaa tai. Wanahistoria wa sheria wanaweza kumpinga. Wabunge wa 1996 hawakuwa wakimfikiria Muindi Mbingu walipoinua mikono. Lakini nimelichukua neno lake, kwa sababu tangu siku ile siwezi kuzisoma Kanuni za Madalali bila kuwaona ng'ombe.

Wabunge wale walikuwa na shida iliyo karibu zaidi. Baada ya uhuru mikopo ya benki ilienea, mashamba yakapata hati, na hati zikawekwa rehani. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 iliruhusu aliyekopesha auze shamba kwa mnada wa hadhara, akitenda kwa nia njema na kujali maslahi ya mkopaji. Maneno mazuri. Lakini kwenye milango ya watu hali ilikuwa nyingine. Kulikuwa na wapiga mnada wa kawaida, kulikuwa na madalali wa mahakama, na kulikuwa na watu ambao leseni yao ilikuwa misuli. Nyumba ilivamiwa alfajiri, makabati yakashushwa, na mwenyewe akaja kujua baadaye deni ni la nani. Sheria ya 1996 ilikuja kuwakusanya wote chini ya Bodi moja ya kutoa leseni, yenye watu wa mahakama na madalali wenyewe ndani yake. Mwaka uliofuata zikatoka Kanuni za Madalali, Tangazo la Kisheria Nambari 120 la 1997, na hizo ndizo zenye meno.

Leseni ina madaraja mawili, A na B, na hutolewa kwa mwaka. Mufilisi haipati, wala mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la udanganyifu. Kuendesha mnada bila leseni ni kosa la jinai. Hayo ni ya kawaida, kila nchi inayo.

Utamu uko kwenye kanuni ya 12. Dalali akipokea hati ya mahakama au barua ya maagizo, hatua ya kwanza ni kuiandika kwenye rejista yake. Kisha anakwenda kwa mwenye mali na kujaza Fomu ya Mauzo Nambari 2: kitu kimojakimoja, hali yake, thamani yake. Mwenye mali hutia sahihi, au mtu mzima yeyote anayeishi au kufanya kazi pale, na akikataa, dalali aandike kwamba amekataa. Halafu anampa Fomu Nambari 3, ambayo ni notisi ya siku saba ya kukomboa mali yake. Katika siku hizo saba haruhusiwi kubeba hata kijiko. Zikiisha, anachukua mali, anaiweka mahali salama, anatangaza gazetini ndani ya siku saba nyingine, na mauzo hayafanyiki kabla ya siku saba tangu tangazo la kwanza, wala hayacheleweshwi kupita siku 14. Hata dalali mwenye haraka kuliko wote hawezi kuiuza runinga yako kabla ya wiki mbili tangu alipobisha hodi.

Mifugo na vitu vinavyooza vina utaratibu wao, kwa sababu nyanya hazingoji notisi.

Shamba au nyumba ni safari ndefu zaidi. Kanuni ya 15 inampa mwenye mali siku 45 za kukomboa, na baada ya hapo mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza la gazeti. Bei ya kikomo lazima itokane na kazi ya mthamini wa kitaaluma, iliyofanywa si zaidi ya miezi 12 kabla ya mnada. Na kama mlango umefungwa na dalali anataka polisi wamsaidie kuingia, kanuni ya 9 inamtaka aende kwanza mahakamani kuomba amri. Hapo mzee alicheka tena. Anasema katika miaka yake alijua wenzake ambao "amri" yao ilikuwa chai ya konstebo.

Nyundo nayo ina sheria yake, ya zamani kuliko kanuni hizi zote. Ile ya Uuzaji wa Bidhaa inasema mauzo yanakamilika pale dalali anapoyatangaza kwa kugonga nyundo au kwa namna nyingine iliyozoeleka. Kabla ya hapo, aliyetaja dau anaweza kulirudisha mdomoni. Muuzaji haruhusiwi kupandisha dau kwa siri kwa kupandikiza watu wake katika kundi. Akifanya hivyo bila kutangaza haki hiyo, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo kuwa ya udanganyifu. Ukihudhuria mnada wa magari utawaona bado, wale wanaume wawili waliosimama kando ya nguzo, wanaopandisha dau kwa shilingi elfu elfu na hawanunui kamwe.

Na dalali akikosea? Kifungu cha 26 cha Sheria ya Madalali kinasema wazi kwamba aliyeumizwa na matumizi mabaya ya mamlaka ya dalali anaweza kumshtaki dalali mwenyewe na kudai fidia kwa hasara aliyopata moja kwa moja. Bodi nayo inaweza kumuonya, kumtoza faini, kumsimamisha au kumfutia leseni. Jirani yangu hakushtaki. Alikopa kwa shemeji, akalipa deni pamoja na gharama za dalali na za kuhifadhi mali yake mwenyewe, akarudishiwa cherehani ikiwa na gurudumu lililopinda. Nilipomwambia, miaka baadaye, kwamba alikuwa na haki ya kudai, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: mbona haikuandikwa kwenye ile karatasi?

Hilo ndilo linalonikera. Sheria yote hii imejengwa juu ya kitu kimoja, taarifa. Siku saba hazina maana kama mtu hajui kwamba ni zake. Siku 45 hazimkomboi mjane ambaye notisi yake imekaa juu ya friji kwa sababu anangoja mjukuu arudi kutoka shule amsomee. Fungua gazeti lolote kubwa la Kiingereza, hasa Jumatatu, uone kurasa za minada. Nambari ya kipande cha ardhi, ukubwa kwa hekta, jina la mkopaji, masharti: asilimia 25 papo hapo nyundo inaposhuka, iliyobaki ndani ya siku 90. Yote kwa Kiingereza cha mawakili, kwa herufi ambazo hata mimi huzisogelea. Katiba ya 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwenye lango la mdaiwa bado hakijafika.

Majirani zetu wa kusini walitushinda kwa hili zamani. Sheria ya Madalali ya Tanzania, Sura ya 227, ambayo mizizi yake ni ya enzi ya Mwingereza, inasema ardhi isinadiwe kabla ya taarifa ya siku 14 kutolewa katika mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe pa mnada. Kisha inaongeza kwamba taarifa isiwe ya karatasi tu, itolewe pia kwa njia ambayo mtu asiyesoma ataielewa, na iwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, ikitaja jina na makazi ya mwenye ardhi. Wakili mmoja wa Arusha aliwahi kunitania kwamba Mkenya hunadiwa kimyakimya. Nilikasirika kwa dakika moja. Na tangu mwaka 2017 anayetaka kuwa dalali wa mahakama huko anatakiwa kuwa na cheti cha umahiri kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Sisemi huko hakuna madalali wakorofi. Magazeti yao yamejaa malalamiko kama yetu. Nasema waliofikiria kuhusu masikio ya mwananchi ni wao.

Miaka ya karibuni nitaipita haraka. Sheria ya Ardhi ya 2012 iliongeza kinga kabla hata dalali hajaitwa: mkopeshaji atoe notisi ya siku 90 ya kulipa, halafu notisi ya siku 40 ya nia ya kuuza, na mwenzi wa ndoa naye ajulishwe. Ikaweka pia kipimo cha bei: nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, mkopeshaji anachukuliwa kuwa amevunja wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Laiti kipimo hicho kingekuwapo Machakos mwaka 1938. Siku hizi minada mingine hufanyika kwa intaneti na nyundo ni kubonyeza. Bodi ipo, orodha za wenye leseni zipo, na madalali waadilifu wapo, wengi kuliko tunavyokiri. Mzee wangu alikuwa mmoja wao, au ndivyo anavyosema, na sijakutana na aliyempinga.

Nilipoaga alinirudishia karatasi yangu, akiwa ameijaza kwa penseli ile safu tupu. Kochi, shilingi elfu kadhaa. Runinga vivyo hivyo. Kwenye mstari wa cherehani hakuandika bei, alipiga mstari juu ya neno lenyewe.

Muindi Mbingu ana barabara yake katikati ya Nairobi, inayopita kando ya bustani ya Jeevanjee na City Market. Sidai barabara nyingine. Ombi langu kwa Bodi ya Madalali ni dogo na halihitaji Bunge kukesha: kabla mwaka huu wa 30 haujaisha, Fomu Nambari 2 na Nambari 3 zichapishwe kwa Kiswahili, na chini yake, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, yaandikwe mambo matatu: mali haibebwi kabla ya siku saba, vyombo vya kupikia na vifaa vya kazi havikamatwi kwa deni la kawaida la mahakama, na anwani ya ofisi ambako dalali aliyekosea hushtakiwa.